Kuku wa Malai Hana Mgao

Mama mkwe wangu, Aikaeli, hapigi kelele. Akikasirika huongeza kuni. Siku niliyorudi kutoka hospitali ya Mawenzi na binti yangu wa tatu kifuani, aliongeza kuni mpaka mtori wa ndizi ukamwagika jikoni, na hakuupangusa.

Kilichomkasirisha ni ujumbe. Wifi yangu Elinipendo aliuleta akiwa anaangalia miguu yake. Ulitoka kwa Mzee Efraimu, baba mkubwa wa mume wangu na mkubwa wa ukoo: mbuzi wa mzazi asubiri kwanza. Wasichana watatu mfululizo, mtu anachinja kwa furaha gani? Tena Filemon aambiwe aanze kufikiria mahali pengine pa kupata mrithi wa kihamba, shamba la ukoo.

Filemon, mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi nilimziba mtoto masikio kwa kanga, utadhani anaelewa.

Kwetu Machame, huku juu ya Kwa Sadala, mzazi hutolewa nje kwa mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Asipochinjiwa, mtoto wake hajapokelewa, na yeye mwenyewe anakaa kwenye nyumba ile kama mgeni aliyesahau kuondoka. Nilikuwa nimeshaanza kuyatazama mabegi yangu juu ya kabati.

"Mbuzi ana mgao," alisema Mama siku ya pili, akichambua mchele. "Kidari cha huyu, mguu wa yule, shingo ya fulani. Mwenye kidari asipokuja, mbuzi hachinjwi. Mbege nayo ina mkubwa wake, kata ya kunywea haimpiti. Sasa wewe Elinipendo, niambie: kuku wa malai ana mgao wa nani?"

"Kuku? Mama, mzazi anatolewa kwa kuku? Watatucheka mpaka Kwa Sadala."

"Wacheke, ila wacheke wamekaa, wanakula kwangu."

"Na watakunywa nini?"

Mama aliweka ungo chini. Bia aliikataa, wanaume wangeanza kudai kreti nyingine kabla mtoto hajaonekana. Soda akaiita kinywaji cha kuagia, mtu akiimaliza anaondoka. Alitaka kinywaji ambacho hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kukaa nacho na kusema, kwa desturi yetu, mimi ndiye wa kwanza.

"Waini," akasema.

Miaka ile maduka ya Moshi yalikuwa yameanza kujaa. Mahali tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni, sasa ulikuta jibini, mafuta ya nywele ya kila rangi, na rafu nzima ya chupa za mvinyo, za Dodoma na za Afrika Kusini. Mama alikwenda na Elinipendo, naye ndiye aliyenisimulia huku akicheka.

"Shikamoo mama, nikusaidie?" kijana wa dukani aliuliza.

"Marahaba. Nataka cha kunywea kuku wa malai. Nionjeshe."

"Mama, waini haionjwi dukani. Nyama nyeupe waini nyeupe, ndivyo wanavyosema wazungu."

"Hao wazungu wanakuja Jumapili?"

"Hapana, mama."

"Basi usinisemee watu ambao hawatakula. Nipe tatu tofauti."

Kesho yake jikoni kwetu kukawa na kazi. Mama alichinja tetea mmoja aliyeacha kutaga. Akakaanga vitunguu, akamgeuza kuku mpaka akawa wa kahawia, akamwongezea maji kidogo. Alipoiva akautoa moto wote, akabakiza makaa, ndipo akamimina malai aliyoyaengua kwenye maziwa ya ng'ombe wake siku baada ya siku. "Malai hayapigiwi moto," alisema. "Yanabembelezwa kama wewe unavyombembeleza huyo."

Akanipa kipande, kisha funda la chupa ya kwanza, nyekundu tamu ya Dodoma.

"Tamu," nikasema.

"Najua ni tamu. Kuku yuko wapi?"

Nikatafuta. Kuku hakuwepo. Ulimi wote ulikuwa sukari, na mafuta ya malai yamelala chini yake.

Ya pili ilikuwa nyekundu pia, lakini kavu, ikanikamata meno kama ndizi mbichi. Elinipendo alikunja uso. "Hii inagombana na malai. Mwisho wake watu wataugua tumbo waseme tumewaroga."

Ya tatu ilikuwa nyeupe. Ilikuwa chachu, chachu safi ya mbege iliyofika siku yake. Niliimeza, na mdomo ukawa kama umeoshwa. Mkono wangu ukaenda kwenye sufuria wenyewe.

Mama aliutazama ule mkono. "Hiyo," akasema.

"Lakini Mama, wazee wanapenda tamu," Elinipendo alibisha. "Hiyo nyeupe haitawafurahisha."

"Nani kakwambia nataka wafurahi? Nataka kila wakinywa watamani tonge, na kila wakila watamani kunywa. Mtu wa namna hiyo hasimami upesi. Ile tamu tutawapa bibi zao wakishamaliza kula, wanywe na keki."

Jumapili, baada ya ibada, chupa za ile nyeupe, tulizoagiza zaidi, zilikuwa zimelazwa kwenye mfereji nyuma ya migomba, maji ya mlimani yakipita juu yake. Wazee walikuja, maana mwaliko ni mwaliko. Mzee Efraimu alikuja na fimbo yake na ndugu zake wawili, akakaa kwenye kiti kikubwa, akanusa.

"Mke wa mdogo wangu, sisikii harufu ya mbege."

"Hakuna mbege, shemeji."

"Mbuzi?"

"Ulisema asubiri. Anasubiri."

Sahani zikapita. Mzee Efraimu akapekua yake kwa kijiko. "Firigisi ziko wapi?"

"Zimeliwa."

"Na nani?"

"Na wenye nyumba," Mama akajibu, na binti zangu wawili wakubwa, Ruth na mdogo wake, wakajificha nyuma ya gauni lake.

Mama akaja na chupa ikidondosha maji. Akamimina kwenye glasi ya chai, akaonja yeye kwanza, wote tukimwona, kama anavyoonja kila mwanamke anayewapa watu kinywaji. Hilo lilikuwa sawa. Mzee Efraimu alishanyoosha mkono. Glasi ikampita. Ikaja mpaka nilipokaa, ikasimama mbele yangu.

"Kunywa, mzazi."

Watu wote uani waligeuka. Nikaishika glasi kwa mikono miwili, nikanywa.

"Aikaeli, unajua unachofanya?" Mzee Efraimu akauliza.

"Mbege ina mkubwa wake, shemeji, na sijawahi kumvunjia heshima. Hii imekuja juzi kwa lori. Mkubwa wake ni aliyezaa."

Mzee akasimama. "Basi mimi naondoka. Tuone mtoto huyo atabarikiwa na nani."

Kwetu mkubwa huchukua funda la mbege na kumpulizia mtoto kifuani, akitamka maneno.  Mama alichukua funda la mvinyo, akamfunua mtoto, akampulizia manyunyu membamba. Mtoto akapiga chafya.

"Kaa," Mama akamwambia mtoto. "Ukue. Udongo huu una kitovu chako kama una cha mwanaume yeyote. Utaulima wewe na dada zako, na atakayewafukuza anikute mimi kwanza."

Ndipo nikamwona Filemon. Alikuwa katikati ya ua, kati ya mama yake na baba yake mkubwa. Kwa siku zote zile hakuwa amesema kitu, na mimi nilikuwa nimeogopa kumuuliza. Akanijia, akaninyooshea glasi yake tupu.

"Mama Ruth, nimiminie."

Nikammiminia. Akanywa.

"Filemon! Unakunywa nyuma ya mwanamke?"

"Ndiyo, baba mkubwa. Na kuku bado wa moto. Rudi ukae, ule."

Mzee Efraimu hakurudi. Alikwenda zake kati ya mibuni, fimbo ikigonga mawe. Ndugu zake wawili walitazamana, wakaitazama sufuria, na yule mdogo akasogeza glasi yake mezani bila kumwangalia mtu usoni.

Hakuna aliyemkimbilia Mzee. Mama aliketi kando yangu, akaishika sahani yangu, akaniuliza kama nataka mchuzi mwingine.

Nikamwambia nataka, aweke mwingi.