Tembo Aliyewekwa Juu ya Kilima Chetu

Wajukuu wa siku hizi wananionyesha ramani za zamani wakisema, "Muzee, tazama uzuri huu." Siuoni. Mniache. Hao wanaozitundika sebuleni, wanajua wametundika nini? Mimi nilikaa karibu na moja miaka ya hamsini, na mpaka leo nikinusa karatasi kuukuu ninatoka nje.

Nilikuwa moniteur, mwalimu wa darasa la kwanza, katika shule ya misheni huku Masisi. Padri wetu alikuwa na atlasi, kitabu cha ramani kipana kama meza, jalada la ngozi, kurasa zilizochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa kwa mkono, zamani sana, kabla babu yangu hajazaliwa. Aliiweka katika sanduku lililopigwa bati kwa ndani, maana ukungu wa Masisi hauachi kitu kikavu. Jumapili baada ya misa alituita sisi walimu, tunawe mikono, tuikaushe, ndipo aifungue. Tusiguse. Tutazame tu.

Niseme ukweli, mchongaji yule alikuwa fundi. Mistari yake ilikuwa myembamba mno, mawimbi ya bahari ungeweza kuyahesabu. Lakini pwani njo aliijua, pwani tu. Huku kwetu katikati ya bara alikosa la kuandika, basi akachora tembo. Tembo mmoja mnene, mkonga juu. Wenzangu walicheka. Padri alitueleza kwamba mafundi wa zamani walichukia kuacha karatasi tupu. Mimi nikauliza watu wako wapi. Akasema, kwa upole wake wote, kwamba fundi hakuwa na habari zao. Bon. Mtu kukosa habari si dhambi. Dhambi ilikuja baadaye.

Papa yangu, baba mzazi, alilima kilima nyuma ya kijiji cha Bihambwe: maharagwe, mahindi, migomba upande wa bonde, na juu kabisa kaburi la mama yake. Kilima alikipata kwa baba yake, na baba yake alikipata kwa mwami, chifu wetu. Kwa desturi yetu ardhi yote ni ya mwami. Wewe unapewa sehemu yako, ukivuna unampelekea mutulo, mbuzi ao pombe ya ndizi, na hakuna wa kukutoa hapo, wewe wala wajukuu wako. Lakini kusimama mbele ya wageni na kusema "hii ni yangu," hapana, ni matusi kwa mwami. Mtoto wa kwetu anafundishwa hivyo kabla hajashika jembe.

Basi akaja mzungu mmoja mwenye ng'ombe, anatafuta malisho, pamoja na mpima ardhi wa Leta, yaani serikali. Mpima akamuuliza Papa kilima ni cha nani. Papa akavua kofia, akajibu kwa heshima kwamba kilima ni cha mwami. Wakamshukuru, wakaandika, wakaenda. Papa alirudi nyumbani akiwasifu, ati hawa wageni wana adabu. Adabu! Kumbe kwa jibu lile walikuwa wameandika kwamba mkulima mwenyewe amekubali hana shamba.

Tulipoambiwa mwenye ng'ombe amepewa kilima, Papa alikwenda kushtaki kwa administrateur, mkubwa wa Leta pale Masisi. Nikafuatana naye. Mwami mzee alikuwa ameshafariki, na yule ambaye Leta ilimweka mahali pake alikaa pembeni akitazama viatu vyake. Na juu ya meza, nini? Atlasi. Mwenye ng'ombe aliiazima kwa Padri, na Padri akaitoa, yeye aliyeogopa hata pumzi zetu zisiiharibu.

Administrateur akafungua ukurasa wetu, akaweka kidole juu ya tembo. Akasema kwamba wataalamu wa Ulaya walionyesha tangu zamani: huku ni pori, hakukuwa na watu. Tena mzee huyu mwenyewe amekiri kilima si chake. Nikasimama, nikasema kwa Kifaransa kwamba fundi yule hakufika huku, alijaza nafasi tu, na aliyetufundisha hivyo ni Padri. Nikamgeukia. Alikuwa amekaa palepale, karibu na dirisha. Nilitaka aseme neno moja tu. Padri akaniomba nisiegemee meza, ukurasa unaweza kuchanika.

Papa ndiye aliyesema, polepole, kofia mkononi.

"Mama yangu iko kule juu, mu udongo. Mukichimba mutamukuta. Tembo hamutamukuta."

Administrateur alifunga kitabu, Padri akakichukua kwa mikono miwili, na sisi tukaambiwa tuondoke maharagwe yakishavunwa. Wiki ileile niliacha kazi ya misheni, sikumuaga mtu.

Njiani kurudi nilimfokea Papa, naona haya lakini nilimfokea, hasira ilikosa pa kwenda. Nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba kilima ni chake, neno moja, lingemgharimu nini?

"Ningesema iko yangu," akasema, "ningekuwa mwizi mbele ya watu wanaonijua."

Tulihamia kwa mjomba, mahali pa mawe matupu. Ng'ombe wakapanda kilimani, wakala majani juu ya bibi yangu. Papa hakuishi sana baada ya hapo. Alipofariki nilipanda mwenyewe mpaka kwa mwenye ng'ombe, nikaomba nafasi ya kumlaza kando ya mama yake, nafasi ya mtu mmoja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena alinikaribisha kiti. Kisha akakataa. Alisema udongo wa kaburi unatitia, na ng'ombe wake wangevunjika miguu.

Tulimzika Papa Bihambwe, kando ya barabara.