Bidoni ya Lita Ishirini na Tatu

Saa moja asubuhi, Kezia Nduwimana amesimama mbele ya lori pale Gatete, kusini mwa Burundi, mkono kiunoni, na habanduki. Nyuma yake wanawake tisa wamepanga foleni na mawese yao. Mbele yake yuko Shabani, mchuuzi anayepeleka mafuta kwenye maduka ya Bujumbura, na uso umeshamkunjamana.

"Mama Anita, mimina. Unachelewesha watu."

"Simimini mu bidoni yako. Tupime kwa lita."

Desturi ya huku, mnunuzi huja na bidoni zake tupu, madumu ya plastiki, mkulima akazijaza. Huitwa za lita ishirini, na kila moja hulipwa faranga laki moja na arobaini elfu. Shida ni matumbo yake. Wachuuzi huzijaza maji ya moto, plastiki ikalainika, ikavutika, ikafura. Loh, ukiiona utadhani ina mimba!

Kezia alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania akiwa msichana, akakuta mtindo huo, akaufuata. Mwezi uliopita ndipo alipopima kwa chupa ya lita moja. Zikaingia ishirini na tatu.

"Nililia," anasema. "Miaka yote, mafuta yakipungua, nilikuwa namlaumu Yonasi mwenye mashine ya kukamulia. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Kumbe masikini wa Mungu, hakuiba hata tone!"

Leo ana bidoni nne. Jumatatu shule itamrudisha binti yake Anita nyumbani kama minervali, yaani ada, haijalipwa, na lori halirudi tena hadi baada ya wiki mbili. Shabani anayajua yote hayo.

"Basi baki na mafuta yako," anamwambia. "Mwingine!"

Mwanvua, jirani yake Kezia, anasogea, macho chini. Amekuja na bidoni zake tano za lita ishirini kamili. Nne za Shabani zinapojaa, ya tano ya Mwanvua imebaki chini ya nusu. Foleni nzima inaona. Mwanvua anapokea pesa za bidoni nne.

"Nina watoto sita, dada," anamnong'oneza Kezia akipita.

Wengine wanauza mmoja mmoja. Beatrisi, wa mwisho, anakaza kizibo cha bidoni yake na kutoka kwenye foleni. Shabani anacheka, anapanda lori, anaondoka.

Kezia anakaa chini. Anaogopa, na hafichi. Jumanne yeye na Beatrisi watakodi gari waende Bujumbura, kama walivyokubaliana jana endapo Shabani atakataa, wakatafute duka la kununua kwa lita. Hawamjui mtu huko. Pesa za gari wamekopa.

Beatrisi anamuuliza kama binti ameshaambiwa.

"Jana usiku. Nilimwambia, mutoto wangu, Shabani akikataa kupima, Jumatatu utakaa nyumbani. Mafuta iko, mnunuzi mwenye haya ndiye hayuko." Anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Akaniuliza, 'Mama, na wakikataa huko Bujumbura?' Nikamwambia nitagonga duka linalofuata."