Ile "i" Aliyoiingiza Noela

Noela wa Tinde alisomea Kiswahili chuoni, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akisema "sijui." Ndicho kilichomponza.

Kazi aliyoipata Shinyanga mjini ilikuwa kujaza kamusi ya kompyuta. Mtu akiandika neno la Kiswahili kwenye simu, programu inalikata vipande, inatafuta mzizi, kisha inampa maana kwa Kisukuma. Walikusudiwa akina mama wa vijijini wanaojifunza kusoma ukubwani.

Mkuu wake, Sostenes, alimwelekeza mapema. "Tazama 'hapendi.' Ukanushi umeukumbatia mzizi, 'ha' mbele, 'i' nyuma. Hicho ni kiambishi kimoja, kiingize kama kitu kimoja. Ukivitenganisha, mashine itapotea. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Hakuwa ameelewa. Alipojaribu, programu ilikataa. Kumrudia Sostenes aliona haya, maana vijana wa ofisini walikuwa wakimwita mwalimu. Basi akaingiza "ha" kivyake na "i" kivyake, kila moja akaiandikia: kukanusha. Vitenzi vyote alikuwa ameshavikata irabu ya mwisho. Akapima hapendi, hasomi, hawalimi. Zikatoka sawasawa. Akaenda kunywa chai.

Programu ikapelekwa kwenye darasa la Samuye, alikofundisha Noela mwenyewe. Mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote alikuwa Mbuke, mjane ambaye mwanawe Amosi alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, na simu yake ikawa haipatikani tangu masika. Wiki moja Mbuke hakuonekana darasani. Noela akamfuata nyumbani, akamkuta nyuma ya nyumba amekaa chini, kichwa kimenyolewa.

"Shikamoo, Mama Amosi. Kuna nini?"

"Marahaba. Mwanangu amekufa."

"Nani kasema?"

Mbuke akamnyooshea simu. Palikuwa na ujumbe wa mtu asiyemjua: *Mama, Amosi anaishi hapa Kharumwa, aliumia mguu duarani, kwenye shimo la dhahabu.*

"Neno 'anaishi' sikulijua, sisi tunasema 'anakaa,'" alisema Mbuke. "Nikaliuliza kwenye kamusi yenu. Ikasema hayupo hai. Majirani sijawaambia, maana nitaanzaje msiba bila maiti?"

Noela alilitazama lile neno, akatambua kosa lake. "Ishi" ina "i" yake ya kuzaliwa nayo. Mashine ilikuwa imeing'oa na kuifanya ukanushi, kama alivyoiamuru.

Akapiga ile namba. Mwenye simu akampa Amosi, na Mbuke aliposikia mwanawe akimwita "Mayu!", mama, alianguka kifudifudi akilia na kucheka pamoja. Walizungumza kwa Kisukuma hadi salio likaisha.

"Simu ilikosea, Mama," Noela akasema haraka.

"Kumbe! Basi ni mimi nilibonyeza vibaya. Nisamehe, mwalimu, nimekusumbua."

Hapo ndipo aibu ilipomkaba. Angeweza kunyamaza tu, na kosa lingebaki kwa yule mama. Akapiga magoti.

"Hukubonyeza vibaya. Ni mimi niliyejaza vibaya. Nilielekezwa, sikuelewa, nikaona haya kuuliza."

Mbuke akamjibu:

"Haya? Mimi nakuuliza herufi mbele ya wajukuu zangu."

Akaingia ndani, akatoka na sahani ya michembe na maji ya kunawa, akamkaribisha kama mgeni yeyote. Noela alitafuna viazi vile vikavu bila kuonja ladha. Afadhali angetukanwa.

Kesho yake alimweleza Sostenes mbele ya wale vijana wote, akaomba aonyeshwe upya. Sostenes hakumkaripia. Alivuta kiti, akamwonyesha jinsi "ha" na "i" zinavyoandikwa pamoja, nukta katikati, maana moja. Kisha Noela akarudi kwenye vitenzi kama kuishi, kusadiki na kufikiri, akakirudishia kila kimoja irabu yake.

Mbuke alikwenda Kharumwa, akarudi na Amosi akitembelea magongo, na darasani hakuacha kuja. Lakini simu huiacha mkobani. Akikwama kwenye neno, humgeukia jirani yake Asteria, si mwalimu, na kumnong'oneza. Noela humwona. Huendelea kuandika ubaoni, mgongo kawapa.