Barua za Rufaa za Mama Ganzi

Saa mbili asubuhi, daktari wa meno ambaye wagonjwa humwita Mama Ganzi anavaa glavu na kumwomba fundi cherehani aliyeketi kitini afungue mdomo. Haufunguki zaidi ya upana wa kidole. Taya la kushoto limevimba, na mtandio aliojifunika umeshindwa kulificha.

"Lina muda gani, dada?"

"Tangu mwaka jana. Nilidhani ni jino tu, nikawa nameza vidonge."

Mama Ganzi analipapasa taratibu, kisha anavua glavu. Hapa hakuna jino la kung'oa. Anachukua kalamu na kuandika barua ya rufaa.

Kwa miaka kumi na moja yuko peke yake katika chumba hiki chenye kiti kimoja. Huona wagonjwa thelathini kwa siku, na mkono wake ni mwepesi; wapo wanaoapa kuwa hawakusikia jino likitoka. Lakini uvimbe wa taya unataka bingwa wa upasuaji, na aliye karibu yuko mwendo wa siku nzima kwa basi. Foleni yake ni miezi saba.

Seremala mmoja hakuimaliza. Alifariki wiki tatu kabla ya tarehe yake. Baada ya maziko, mjane wake alikuja na kadi ya miadi, akaiweka mezani.

"Alisema nikuletee," alimwambia. "Umpe mwingine hiyo nafasi."

Mama Ganzi alipiga simu. Akajibiwa kwamba nafasi haihamishwi.

"Nilifunga mlango nikalia, mpaka mgonjwa akabisha hodi," anasema.

Wiki hiyohiyo aliomba kusomea upasuaji wa taya. Alikosa mara mbili, maana waombaji walikuwa wengi na nafasi zilikuwa nne tu. Mwaka huu amepata. Shida ni kwamba hakuna wa kumpokea kazi. Akiondoka, chumba kinafungwa.

Mumewe, ambaye ni mwalimu, hamfichi kitu. "Watoto wetu nitawaweza," anamwambia. "Wanaoshinda kwenye benchi lako ndio sijui."

Hata hivyo, Mama Ganzi ameshaamua. Mwezi ujao anaondoka, kwa miaka minne.

"Wapo watakaoumia nikiwa darasani, na baadhi yao nawajua kwa sura," anasema. "Lakini nikibaki, nitaendelea kuwaandikia barua tu."

Ameshamwonyesha mganga mkuu chumba atakachokitaka akirudi. Kwa sasa ni stoo ya vitanda vibovu, ila kina dirisha kubwa na maji ya bomba.

"Nilimwambia asimpe mtu," anasema, akimwita mgonjwa anayefuata.