Bluu ya Simu Ilivyoleta Kilio Kwenye Sendofu ya Binti Yangu

Ndugu zangu, nimekosa, tena nimekosea mbele ya wakwe! Jina langu naficha na majina ya wengine nimebadilisha. Ingawa ukiuliza pale Nangara ni nani alianza kwa kutembeza samaki wa ziwani kwenye beseni na leo ana maghala mawili ya mahindi, watakuleta hadi mlangoni kwangu.

Shule niliishia darasa la nne, na nimeajiri watu wenye diploma. Sasa binti yangu wa kwanza, Theresia, alipofikia sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, nani wa kunifundisha kutengeneza bango? Nikachukua picha yake kwenye simu, nikamwekea bluu nyuma, bluu kali, rangi ya sare ya kamati ya sherehe. Nikapiga skrinishoti, nikairusha WhatsApp kwa Mama Prisca, mwenye duka la kuchapisha hapa mjini.

Jamani, mama yule alinionya!

"Baba Theresia, hii picha imefika imebanwa. Kwenye bango la mita nne uso utakatika vipande kama vigae. Nitumie picha yenyewe, kama faili."

"Mbona kwangu inang'aa?"

"Inang'aa kwa sababu simu inatengeneza rangi kwa mwanga, ndiyo wanaita RGB. Mashine yangu inachanganya wino, CMYK. Bluu kali hivi wino hauifikii, itatoka zambarau. Niibadilishe kwanza, nikuchapie kipande ukione."

Nikacheka! "Mama Prisca, bluu ni bluu hata ukienda Dodoma. Chapa!"

Akachapa.

Bango likatoka limeviringishwa, na mimi sikulikunjua. Nilijiona mkubwa mno kukunjua mabango! Nikawapa mafundi wa turubai walifunge getini, mimi nikaenda nyuma kusimamia mbuzi.

Saa nane mchana wakwe wakafika na Coaster kutoka Mbulu. Nikasikia vigelegele vimeanza, halafu vikakatika. Halafu kilio! Nikatoka mbio na kisu mkononi. Shangazi wa bwana harusi amekaa chini vumbini, kajifunika kitenge. Wazee wamevua kofia.

"Karibuni! Bango mmeliona?" nikauliza kwa majivuno.

"Tumeliona, baba," mshenga wao akajibu kwa sauti ya chini. "Pole sana."

"Pole ya nini? Nimelitengeneza mwenyewe!"

"Mungu akutie nguvu. Lakini mbona hamkutupigia simu? Tungekuja na mchele."

Hapo ndipo nikageuka kutazama. Mama yangu! Zambarau, ile ya misalaba ya makaburini! Katikati uso wa mwanangu, umefifia, una ukungu na vidoadoa, kama mtu anayetutazama kutoka ng'ambo. Hata mimi baba yake roho ilishtuka.

Sijafungua mdomo kueleza, bajaji ikasimama. Theresia huyo anashuka, katoka saluni, gauni la bluu, kapendeza! Shangazi akainua macho, akamwona, akapiga ukelele na kurudi ndani ya Coaster akiwa peku.

Theresia akalitazama bango. Akanitazama mimi.

"Baba, umenizika?"

Nikaficha kisu nyuma ya mgongo, ndugu zangu. Mimi!

Mama yake alilishusha kwa kisu changu cha mbuzi. Shangazi alikubali kushuka baada ya saa nzima, na kwanza akamfinya binti mkono kuhakikisha una joto. Sherehe ikafanyika, lakini keki mwanangu aliwalisha wote, kwangu akapita kama sipo. Siku tisa hakunisalimia.

Ndoa imefungwa juzi. Bango alitengeneza Mama Prisca, na kamati, ambayo mwenyekiti wake nilikuwa mimi, ilinipa kazi moja tu: kuhesabu viti.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na pesa zako mfukoni, nakuomba. Picha itume kama faili. Rangi ya kioo cha simu usiiamini. Na fundi akisema achapishe kipande kwanza, kaa kwenye benchi usubiri! Mwenzako nilifungua geti niwakaribishe wakwe, wakanipa pole ya mtoto aliyekuwa saluni anasukwa.