Kimea cha Awino

Awino ni mtu mpole. Ukimkanyaga mguu sokoni Rangwe, yeye ndiye atakayekwambia pole. Lakini kuna jina moja usimwite, nalo ni mpika pombe. Jina hilo ndilo lililomfanya, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyezoea kukaa kimya kwenye benchi la nyuma, asimame katikati ya ibada na kumuuliza mzee wa kanisa swali ambalo mpaka leo watu hawajalisahau.

Mambo yalianza na uji. Mjukuu wake, Scovia, alikuwa haongezi uzito. Mama wa mtoto, bintiye Liz, yuko machimboni Osiri akiponda mawe yenye dhahabu ya wengine, na mtoto ameachiwa nyanyake. Muuguzi wa zahanati alimtazama Awino juu ya miwani, akamwambia mtoto apewe mayai, maziwa, samaki na matunda. Sawa, lakini ayatoe wapi? Siku hizi mtu aliyezaliwa karibu na ziwa ananunua mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyonyofolewa minofu yote, kwa sababu minofu imetiwa barafu na kusafirishwa kwa watu wasiolijua hata ziwa lenyewe. Awino alikasirika njia nzima. Alipofika nyumbani alivua viatu, akafungua debe la ndengu.

Alipima kikombe kimoja tu. Akachambua mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, akaosha, akaloweka mpaka kesho yake. Yale maji akayamwagia sukuma wiki, maana maji yenyewe huyabeba kichwani na hatupi hata tone. Ndengu akazifunga ndani ya foronya kuukuu, safi, akaitundika kwenye msumari jikoni. Kila asubuhi na jioni aliisuuza na kuiacha ichuruzike. Siku ya tatu foronya ilikuwa imevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na kikombe kimekuwa sufuria nzima. Alizikaanga na kitunguu na nyanya, zikaliwa siku mbili. Kunde nazo alizifanya hivyo hivyo. Maharagwe alihakikisha yamechemka mpaka yakaiva kabisa, kwani yakiwa mabichi yatakuendesha tumbo. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi nyekundu hakuzigusa. Zile zina dawa, ni za shamba, na anayezipeleka jikoni anatafuta jeneza.

Kisha akaja kwenye wimbi, na hapo ndipo alipochuma janga.

Aliloweka wimbi, akaitandaza juu ya gunia bichi, akaifunika. Siku ya pili kila punje ilikuwa imetoa kichipukizi cheupe. Akaianika mkekani uani, akaisaga. Kijiko kimoja cha unga ule ukikitia kwenye uji mzito, uji unalegea wenyewe bila kuongezwa maji, na mtoto anaumaliza wote. Mwezi wa pili Scovia alianza kuwa na mashavu. Muuguzi aliandika kwenye kadi na kuuliza maziwa yametoka wapi. Awino alicheka tu.

Sasa, kwa Wajaluo, na hata kwa Wakuria kule Migori, wimbi iliyochipuka ikionekana mkekani ina jina moja na kazi moja. Inaitwa thowi, na ni ya kupikia pombe. Anika omena, anika muhogo, hakuna atakayekuuliza. Anika kimea, na majirani wataanza kuhesabu siku za pombe kuiva. Na kanisa la Awino ni lile ambalo hata kupita karibu na nyumba ya pombe ni kosa la kuombewa. Humo ndani yeye ndiye aliyekuwa akitunza kitambaa cha Meza ya Bwana. Kwa miaka kumi na mmoja alikifua, akakitia wanga, akakipiga pasi ya makaa bila kukiunguza hata mara moja. Hakuwa na cheo kingine duniani. Mumewe alikwisha kufa, shamba ni la shemeji, lakini kitambaa kile kilikuwa chake.

Jirani yake, Lynnet, alikuja kuomba chumvi. Akauona mkeka. Akaondoka bila chumvi.

Jumapili iliyofuata, Mzee Cephas, ambaye wote humwita Japuonj tangu alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, alishika kipaza sauti. Akasema kuna dada anayegusa Meza ya Bwana kwa mikono inayonuka kong'o, pombe ya kienyeji. Hakutaja jina. Kwani alihitaji kulitaja? Vichwa vyote viligeuka benchi la nyuma. Kitambaa akapewa mwingine siku hiyo hiyo, bila hata mtu mmoja kumuuliza Awino yeye anasemaje. Hata mwizi wa kuku huulizwa!

Jumanne kamati ilifika kwake, watu wanne, Lynnet akiwa mmoja wao.

"Min Liz, tumekuja na upendo," akasema Mzee Cephas, akimwita Mama Liz kwa Kijaluo.

"Upendo gani huo, Japuonj, unakuja na watu wanne kuchungulia sufuria yangu? Haya, ingieni. Angalieni mpaka chini ya kitanda."

Wakaangalia. Hapakuwa na mtungi, hapakuwa na mrija wa kunywea, hapakuwa na pipa. Walikuta foronya ya ndengu ikichuruzika, na mkeka wa wimbi.

"Si ndio hii!" Lynnet akaruka. "Hii ni thowi. Hata nyathi, mtoto mdogo, anajua."

Mzee Cephas aliinama, akachota punje chache. Akazisugua kiganjani, akazitia mdomoni, akatafuna polepole macho yakiwa yamefumbwa.

"Hapana," akasema. "Hii haiwezi pika kitu. Imekaa siku mbili tu, mizizi ni fupi. Ya kong'o unaacha mpaka mizizi ishikane, unainua yote mara moja kama blanketi. Na ingekuwa tamu kushinda hii."

Wote wakamgeukia.

"Japuonj," Awino akasema, "umejulia wapi hayo yote?"

Mzee alikohoa, akajifuta vidole kwenye suruali, akasema tuombe. Wakaomba upesi upesi. Walipofika langoni alibaki nyuma kidogo akamwinamia Awino. Alimwambia kamati imeridhika, Jumapili arudi mezani kwake kama kawaida, hakuna haja ya kusumbua kanisa na maneno mengi.

"Mlinipaka matope kwa spika," Awino akamjibu, "mnakuja kuniosha kwa kunong'ona? Mimi sirudi. Sema pale pale uliposemea."

Usiku ule hakula. Alimlisha mtoto, akakaa akiwaza jinsi nyani haoni kundule, na jinsi anavyochukuliwa kuwa mjinga kwa kuwa hapandishi sauti.

Jumapili Mzee Cephas alilisema neno hilo. Alilisema wakati wa matangazo, kati ya habari za harusi na habari za paa linalovuja. "Yale maneno ya Min Liz, kamati imeangalia. Hayana ukweli. Tuendelee."

Tuendelee! Awino akasimama.

"Japuonj, waambie umejuaje."

Mzee alitazama karatasi ya matangazo, akaigeuza, nyuma hapakuwa na kitu. Alipoanza kusema, sauti haikuwa ile ya kipaza sauti.

"Mama yangu alikuwa anapika," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nageuza thowi kwa mkeka. Hiyo ndiyo ilinisomesha mpaka nikakuwa mwalimu." Akavua miwani. "Alipokufa, kanisa hili lilikataa kumzika. Walisema ni mpika pombe. Nilikuwa nimekaa hapo mbele, na sikusema kitu."

Mwanamke mmoja mzee akaanza kulia polepole. Awino alikuwa amekuja tayari kumsamehe akikiri. Alikuwa amejiandalia hata maneno yenyewe. Lakini sasa hasira ilimpanda upya, wala haikuwa hasira ya mambo yake. Ilikuwa ya yule mama aliyetiwa ardhini bila wimbo, na mwanawe amekaa benchi la mbele amevaa tai aliyonunuliwa na mikono ya mama huyo huyo.

Akatembea mpaka mbele. Akaondoa vikombe kimoja kimoja, akakivuta kitambaa mezani. Kilikuwa kimefuliwa vibaya, kimebaki na duara la njano katikati. Akakikunja na kukiweka kwapani.

"Siku ile ya mama yako ndiyo ungesimama, Japuonj," akamwambia, akaenda nyumbani kukifua.