Mwenye Haki Haungui

Wiki iliyopita nilikwenda zahanati moja ya Miyuji kwa ajili ya goti. Daktari, kijana mcheshi, alinikalisha kitandani akanigonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Loh! Mguu uliruka, nusura nimpige teke. Nikaanza kuomba radhi. "Huna kosa, mama," akacheka, "hata ubongo wako ulikuwa haujapata habari." Nilicheka naye, lakini nilipofika nyumbani nilikaa nikalia. Ngoja nikueleze.

Nililelewa na bibi yangu kijijini, njia ya kwenda Buigiri. Mchana kutwa wajukuu tulikuwa shambani tukipiga madebe kufukuza ndege kwenye uwele, na jioni tukirudi tunakuta ua mzima unanukia moshi wa kuni na mlenda wa karanga. Mimi ndiye niliyekuwa kipenzi. Chumbani kwa bibi kulikuwa na kibuyu cha asali ya wageni, na ni mimi peke yangu niliyetumwa kukileta. Weee, nilijiona waziri!

Siku moja kibuyu kikakutwa kitupu. Bibi hakupiga kelele. Alitukalisha jikoni, ugali umeiva motoni, akasema, "Mwenye haki haungui." Nilikuwa karibu na moto, basi akaanza na mimi. Alichota kwa mwiko tonge la moto akaliweka kiganjani mwangu. Mkono ukaruka wenyewe, tonge likaanguka majivuni. "Kumbe ni wewe," akasema. Wenzangu hata hawakujaribiwa.

Sasa sikiliza. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mpangaji wa bibi, akila chungu kimoja nasi. Alikuwepo pale na bakuli lake, ameshapakuliwa. Nilimtazama, jamani, nilimtazama kama mtu anayezama. Akachovya tonge kwenye mlenda, akameza.

Siku chache baadaye, darasani, akachora ubaoni mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akatueleza kwamba habari ya moto hupita kwenye neva hadi uti wa mgongo, na amri ya kuondoa mkono hutoka palepale, haingoji ubongo. Maumivu unayasikia baadaye, mkono umeshatoka. "Hapo mtu hana hiari," akasema, kisha akaninyooshea chaki: "Kama mwenzenu huyu na ugali wa bibi yake." Darasa zima likaangua kicheko. Alikuwa anajua! Siku ile ile, pale jikoni, alikuwa anajua.

Nilikimbia nyumbani hata daftari nikaliacha. Nikamweleza bibi yote, neva, uti wa mgongo, huku nikijipapasa mgongo kumwonyesha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu si alikuwepo?" akauliza. "Mbona hakusema?" Mwalimu alipoingia, bibi akamuuliza mbele yangu. Akatabasamu, akatundika koti lake. "Ah, mama, watoto wa siku hizi wanajua kujitetea." Basi. Kwa mwalimu, mwenye nyumba hasahihishwi, na chakula kilikuwa karibu kuiva.

Asali aliila nani, sijui mpaka leo. Toka siku hiyo ufunguo wa chumba ulifungwa kwenye pindo la khanga ya bibi, nami nikapewa jina: Mkono Mrefu. Wageni wakija alitumwa mwingine.

Siku hizi ukipita pale huoni ua wala jiko, viwanja vimepimwa, kuna nyumba za bati la rangi na geti. Mwalimu alihamishwa, sijui aliko, na sina salamu za kumpelekea. Bibi alizeeka mikononi mwangu. Nilimwogesha, nilimlisha uji, na kila asubuhi aliniita, "Mkono Mrefu, njoo," akicheka kwa mapenzi kabisa. Siku zake za mwisho alinishika kiganja akaniambia ile asali alishanisamehe zamani. Nikamwambia, "Asante, bibi." Ningesema nini tena? Alikufa akiwa amenisamehe, na mimi sikuwa nimeiba.